Kichwa cha Mtoto wa Shangazi

Sehemu ya Tisa

Mliniacha Jumamosi iliyopita studioni, simu sikioni, mdomo wazi, na Watonga wote wa Auckland wakisikiliza redio nikikosa la kusema.

Kwa yule ambaye gazeti lake la wiki jana lilifungiwa samaki: mimi ni Sulieti, mke wa Sateki. Sateki anapigana mieleka, na kwa miaka kumi na mmoja hajashinda pambano kubwa hata moja. Alasiri ya Jumamosi hiyo, kwenye ukumbi wa kanisa hapa Otahuhu, ilikuwa zamu yake kuchukua mkanda. Kazi yangu ilikuwa kutangaza. Nilibandika mabango hadi vidole vikanata, nikauza tiketi sokoni, na asubuhi hiyo nikampeleka adui wake redioni ili watu waanze kumchukia mapema.

Adui mwenyewe ni Leveni, kijana wa Sydney. Ulingoni anaitwa Afisa Mizigo. Anavaa sare na glavu za mpira, anapekua vikapu vya watu, anatupa viazi vikuu vya mama zetu kwenye pipa. Mtonga yeyote aliyewahi kupita uwanja wa ndege na kikapu atamchukia kabla hajafungua kinywa.

Hapo ndipo nilipokosea. Sisi mtu hatumtambulishi kwa jina tu. Utasema ni mtoto wa nani na wa kijiji gani, la sivyo umemvunjia heshima. Kwa hiyo nikamuuliza hewani, "Mama yako nani?" Akajibu, "Lesieli, wa Kolovai."

Lesieli wa Kolovai ni dada mkubwa wa baba mkwe wangu. Leveni alipelekwa kwa ndugu wa baba yake akiwa mdogo, na Sateki hakuwahi kumtia machoni hadi Alhamisi ya wiki hiyo. Mume wangu alikuwa anajiandaa kumwangusha mtoto wa shangazi yake.

Ndipo simu ilipolia.

"Ni Lesieli," ile sauti ilisema. "Nimetua sasa hivi kutoka Nuku'alofa. Niko kwenye teksi na dereva kafungulia redio. Hebu rudia. Nani atamwangusha mwanangu?"

Leveni alizama kwenye kiti. "Mama?"

"Leveni! Si uliniambia unafanya kazi uwanja wa ndege? Picha ninayo ukutani, umevaa sare!"

"Mama, nitakueleza."

"Utanieleza ukiwa umekaa chini. Na wewe, mke wa Sateki, huo ukumbi uko wapi?"

Nikamtajia mtaa. Nikamtajia saa. Na Mungu anisamehe, nikamtajia na bei ya tiketi.

Kabla hatujafika kwenye gari, simu yangu ilikuwa imepata wazimu. Tiketi mia moja na arobaini zilizobaki, ambazo kwa wiki tatu nilizibembeleza kama mtoto mgonjwa, ziliisha kwa dakika ishirini. Watu hawakuuliza tena nani atashinda. Walitaka kuona Sateki atafanya nini.

Sateki naye alikuwa amesikia. Nilimkuta ukumbini, kamba za ulingo zimefungwa upande mmoja tu, yeye kakaa juu ya mbao na spana mkononi.

"Simwangushi," alisema.

"Humwangushi nani?" aliuliza Raewyn, mwenye onyesho. Huyu ni mama wa Kizungu wa hapahapa New Zealand, ana miaka sitini na miwili, na magoti yake mawili aliyaacha ulingoni zamani.

"Mtoto wa shangazi yangu."

"Kwani kuna nini? Mimi nilimvunja pua dada yangu wa tumbo moja. Tena siku ya Krismasi."

"Huko ni kwenu."

"Basi nieleze kwa kifupi, nina viti mia tatu vya kupanga."

Sateki alikuna kidevu kwa spana. "Shangazi kwetu yuko juu ya baba. Mtoto wake yuko juu yangu. Akitaka shati langu, navua nampa. Na kichwa chake sikigusi, hata inzi akitua."

"Kichwa hukigusi."

"Sikigusi."

"Na pigo lako la kumalizia, lile lililoandikwa kwenye bango kwa herufi nyekundu, linaitwaje?"

"Kumbatia Kichwa," alijibu Sateki kwa sauti ndogo.

Raewyn alitafuta pa kukaa.

Leveni alikuwa amesimama mlangoni na begi lake. "Kaka, mimi sina neno. Nishike tu. Sydney kichwa changu kinashikwa na kila mtu."

"Wewe huna neno. Mama yako yuko kwenye teksi."

Kijana akatua begi chini. Msomaji, sasa kuna siri nitakuambia wewe peke yako, usiende nayo sokoni. Katika kazi hii mshindi hupangwa chumbani kabla ya kengele. Wanaume wanaumia kweli, mbao ni mbao, lakini nani atalala na nani atasimama, hilo Raewyn anaamua. Na anayelitoa nje, hata kwa mama yake mzazi, hatafanya kazi tena kwenye ulingo wowote kuanzia hapa mpaka Perth.

"Basi tunabadilisha," alisema Raewyn. "Leveni anashinda. Sateki, wewe unalala. Si umezoea?"

Hakusema kwa ubaya. Lakini Sateki aliitikia kwa kichwa upesi mno, akarudi kukaza kamba, na mimi niliumia moyoni kuliko nilivyowahi kuumia kwa ajili ya mtu. Miaka kumi na mmoja anarudi nyumbani namwekea mfuko wa njegere za barafu begani, na watoto wanamuuliza, "Baba, leo umeanguka vizuri?" Naye anawajibu, "Vizuri sana."

"Hapana," nilisema. "Nitamwomba Shangazi ruhusa."

Hata Leveni alicheka. Raewyn alinishika mkono. "Ruhusa ya nini, Sulieti? Mwanawe ashindwe? Wewe utakuwa umejuaje kabla?"

Hilo nilikuwa sijalifikiria.

Saa nane kasoro Shangazi Lesieli aliingia. Mkeka mzuri kiunoni, kama Watonga tunavyovaa siku za heshima, upepeo mkononi, kikapu begani, na nyuma yake wajomba watano ambao sijui aliwaokota wapi. Alikwenda moja kwa moja kiti cha mbele, katikati, kilichokuwa cha mchungaji. Mchungaji alihama bila kuambiwa.

Nilivuta pumzi, nikaenda kukaa sakafuni miguuni pake. Mke wa mtoto wa kaka anakaa hapo, na macho yake hayapandi juu ya magoti ya shangazi.

"Wamenitupia viazi vikuu vyangu," alianza, hata kabla ya salamu.

"Nani, Shangazi?"

"Pale uwanja wa ndege. Kijana mwenye glavu. Nikamwambia, mwanangu ni afisa kama wewe. Unajua kanijibu nini? 'Basi mama, yeye angekuambia vina udongo.' Mbele ya foleni nzima!"

Nilijing'ata mdomo ili nisicheke. "Pole, Shangazi."

"Pole haipikwi. Haya, sema kilichokuleta. Hujakaa hapo kunipepea."

"Shangazi, ni hili pambano. Ikitokea, kwa mfano tu, Sateki akamshinda Leveni..."

"Itatokea?"

"Sijui, Shangazi." Nilikuwa namdanganya shangazi wa mume wangu ndani ya ukumbi wa kanisa, na nilihisi dari inanitazama.

"Na akimshinda, atakuwa kamshika wapi?"

"Kichwani."

Upepeo ukasimama.

"Sateki amshike mwanangu kichwa. Mbele yangu. Mbele ya mchungaji."

"Kwa mfano, Shangazi."

Kisha upepeo ukaanza tena. "Tutaona," alisema. "Niletee kitu cha baridi."

Nilimpa bilauri ya juisi ya tikiti, nikakimbilia chumba cha kubadilishia nguo. "Kasema tutaona!"

"Hiyo ni hapana," alisema Sateki.

"Kwa mama," alisema Leveni, "hiyo ni hapana na fimbo juu."

Raewyn alipiga makofi mara moja. "Basi, imekwisha. Sateki analala. Kwaya wanautaka ukumbi saa kumi na mbili. Tokeni!"

Saa tisa hapakuwa na pa kutia mguu. Watu walikaa hadi kwenye vizingiti vya madirisha. Mimi nilishika kipaza sauti kando ya ulingo, maana mtangazaji wetu wa siku zote aliuza hata kiti chake.

"Kutoka Sydney! Adui wa kila kikapu! Afisaaa Mizigo!"

Ukumbi ulizomea hadi vioo vikatetemeka. Leveni alitoka akisukuma pipa la magurudumu, akivuta glavu zake kidole kimoja kimoja.

"Rudisha nyama yangu ya kopo!" alipiga kelele mama mmoja.

"Bibi yangu alilia siku tatu, mwizi wewe!"

"Zungumza na mkubwa wangu!" alijibu Leveni, akafungua kikapu cha mtu, akatoa maandazi mawili, akayachunguza kwenye mwanga, akala moja na kutupa la pili. Alikuwa na kipaji, siwezi kumnyima.

Halafu akafika kiti cha mbele katikati.

Mama na mwana walitazamana. Hawakuwa wameonana miaka minne. Nilimwona Leveni akisita, mkono wake umeshaanza kunyanyuka kumkumbatia. Lakini Raewyn ana kanuni moja ambayo huirudia kila siku: ukishavuka pazia, wewe ni yule wa kwenye bango. Leveni akavuta glavu.

"Mama, kuna nini humo?"

"Leveni."

"Naitwa Afisa. Nimeuliza, kuna nini humo?"

"Kuna lu," alisema Shangazi taratibu. "Nyama kwenye majani ya magimbi, na tui. Nimekupikia wewe. Hii angalau waliipitisha."

Leveni aliichukua, akainusa. Mimi niliyekuwa karibu nilimwona akiinusa tena. "Inatia shaka," alisema, akaidondosha kwenye pipa.

Ukumbi ukalipuka. Wajomba watano walisimama, na refa akawahi kugonga kengele kabla hawajafika ulingoni.

Pambano lilikuwa kichekesho. Sateki alimshika Leveni kiunoni, mguuni, mshipini, kila mahali isipokuwa pale. Leveni, maskini, akijaribu kumsaidia, alikuwa akikitia kichwa chake mikononi mwa Sateki, naye Sateki anakiachia kama sufuria ya moto. Watu walianza kucheka. Mtu mmoja dirishani akasema, "Mpe taulo akishikie!"

Halafu ikafika ile dakika niliyoiogopa. Leveni alimwinua Sateki, akambwaga, akamlalia kifuani. Mume wangu alifumba macho. Nilimjua. Alikuwa analala vizuri, kama siku zote.

"Moja!" refa alipiga sakafu. "Mbili!"

"Simama!"

Sauti ile sikuhitaji kugeuka kuitambua. Shangazi Lesieli alikuwa juu ya kiti cha mchungaji, upepeo umenyooka.

"Sateki, mtoto wa kaka yangu! Nimesema simama!"

Bega la Sateki liliruka lenyewe kutoka kwenye mbao.

"Kaka," Leveni alinong'ona, nami nilisikia kwa kuwa nilikuwa chini yao kabisa, "ulitakiwa ulale."

"Shangazi kasema nisimame."

"Raewyn kasema ulale!"

"Raewyn si shangazi yangu."

Refa alimtazama Raewyn, na Raewyn akanitazama mimi. Nikatazama dari.

"Mshike kichwa!" alisema Shangazi.

Sateki alikuja hadi kwenye kamba, mikono kaikutanisha kama anaomba. "Shangazi, ni mwanao!"

"Namjua! Nilimzaa mwenyewe, kichwa hicho kilinitesa siku mbili! Nakupa mimi, Sateki. Mpaka kengele ilie, hicho kichwa ni chako. Mshike!"

Kama paa la ukumbi ule lingeweza kung'oka, lingeng'oka. Wazee walikuwa wanarusha kofia. Mchungaji alikuwa amesimama pia, nitamtetea mbele ya mzee yeyote wa kanisa, alikuwa anashangilia kwa adabu.

Sateki alijifuta viganja kwenye suruali, polepole, upande huu na upande huu. Akamgeukia Leveni.

"Samahani," alimwambia.

"Usijali," alisema Leveni, na macho yalikuwa yakimcheka. "Kumbatia, kaka."

Akamkumbatia kichwa. Wakaruka pamoja, na mbao zikalia hadi nikazisikia kwenye meno. Refa akapiga moja, na ukumbi ukahesabu naye. Mbili. Mimi nilikuwa nahesabu kwenye kipaza sauti, lakini ya tatu haikutoka. Nilikuwa nalia.

Miaka kumi na mmoja, msomaji! Alikaa katikati ya ulingo kama mtu aliyeamshwa usingizini, akamwuliza refa, "Ni mimi?" Refa akamwinua mkono. Leveni alikuwa bado amelala chali, na kwa kuwa mimi nilikuwa upande wake, niliona anatabasamu. Raewyn alinung'unika kitu kuhusu mipango na watu wasioifuata, lakini aliuleta mkanda mwenyewe, akachechemea ngazi zote tatu, akamfunga.

Mkanda ulikaa kiunoni mwa mume wangu labda kwa muda wa kufunga kamba za kiatu.

Kwa maana Shangazi alikuwa anapanda. Wajomba walizifungua kamba akapita bila kuinama. Akasimama mbele ya Sateki, akanyoosha mkono, kiganja juu.

Sateki hakuuliza. Alipiga magoti, akaufungua mkanda, akampa kwa mikono miwili.

"Anafanya nini yule?" Raewyn alinivuta gauni.

"Anachukua."

"Ule ni mkanda wa chama cha mieleka!"

"Ulikuwa," nilimwambia. Kwetu shangazi akikiona kwa mtoto wa kaka yake kitu kizuri, ni chake. Nguo, kitanda, nguruwe. Nilitarajia nimwone Sateki kanyong'onyea. Lakini uso wake ulikuwa unang'aa kuliko alipotangazwa mshindi. Maisha yake yote shangazi huyu alikuja akaondoka na vitu vya ndugu zake, na hakuna hata siku moja aliyoona kwake kitu cha kuchukua. Leo ameona. Mume wangu alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na mimi nilimpenda upya.

Shangazi aliuvaa juu ya mkeka wake. Ulimkaa.

Raewyn akaona ajaribu bahati. Alipanda tena na magoti yake mabovu. "Mama, kwa kanuni zetu, anayeshika mkanda lazima apigane ndani ya siku thelathini. La sivyo anaurudisha." Alitabasamu kidogo. "Sulieti, mtafsirie."

Nikatafsiri. Nilidhani Shangazi atacheka na kuuvua.

Alijipepea, akafikiri. "Siku thelathini? Tiketi yangu ya ndege ni ya miezi mitatu. Sawa. Napigana."

"Mama!" Leveni aliinuka kwa kiwiko.

"Wewe lala, umeshashindwa." Akaugeukia ukumbi. "Lakini wa kupigana naye namchagua mimi."

Watu walianza kutaja majina. Wakamtaja muuza samaki wa sokoni, wakamtaja refa, na wajomba wakatajana wenyewe kwa wenyewe. Shangazi aliwaacha wachoke. Kisha upepeo wake ukashuka polepole juu ya kamba, ukapita mchungaji, ukapita pipa, ukasimama mbele ya pua yangu.

"Huyu."

Nilitazama nyuma yangu. Waliokuwa hapo walikuwa wameshajisogeza.

"Miaka kumi na mitatu kaolewa kwetu," alisema Shangazi, na sauti yake haikuwa kali hata kidogo. "Ananipikia, ananiletea vya baridi, anakaa miguuni pangu. Hajawahi hata siku moja kunitazama usoni. Nataka anitazame."

Sateki alikuwa bado kwenye magoti, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri kuona mimi nitaanguka vipi.

"Kasemaje?" Raewyn aliniuliza. "Sulieti? Kasemaje?"

Sikumtafsiria. Leveni ndiye aliyemtafsiria, neno kwa neno, kwa furaha kubwa, na kabla hajamaliza Raewyn alikuwa ameshaninyang'anya kipaza sauti na anataja tarehe.